Sekretaria ya Kamalondo inayohesabu masiku: nyota nne kati ya tano

Sekretaria nyingi za Lubumbashi ni zile zile. Meza, kompyuta, mashine ya fotokopi inayoacha mstari mweusi pembeni, na kijana anayechapa barua yako ya kuomba kazi bila kusoma anachochapa. Unatoa makuta, unaondoka. Hii ninayotaka kuisema iko Kamalondo, mtaa wa nyuma ya uwanja wa Mazembe, mlango wa kijani, kibao hakuna. Mwenyewe ni mzee, wateja wanamwita Papa tu. Zamani alikuwa dekleran wa forodha, mtu wa kujaza karatasi za mizigo, kule Kasumbalesa mpakani, na kabla ya hapo aliishi Ndola, Zambia, kwa hiyo Kiingereza anakisoma kama anavyosoma Kifaransa, kidole kikifuata mstari.

Sikwenda kwa shida yangu. Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anakaa Marekani, jimbo la Georgia. Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, watu zaidi ya mia kwa zamu mbili. Ana miaka 58. Machi 2024 walimwita biro, yaani ofisini, pamoja na wenzake wawili, mmoja wa miaka 61, mwingine wa 55, wakapewa barua: kazi inaisha tarehe 30 Aprili, kampuni inapunguza watu. Mwezi wa tano, kwenye mashine zile zile, wakasimama vijana watatu. Mmoja wao yaya mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukunja shuka kubwa bila kulikanyaga. Na mkubwa wa zamu alishasema mara mbili mbele ya watu kwamba mashine mpya zinataka miguu michanga.

Akanitumia picha kumi na moja za karatasi kwa WhatsApp. Mwanawe anaendesha lori, wiki nzima yuko njiani. "Mdogo wangu," akasema, "tafuta mtu anisomee hizi vizuri. Kiingereza cha kazini nakijua, cha biro kinanipita juu ya kichwa." Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi. Kwa nini nilikuwa na nafasi, nitafika huko.

Jumanne 20 Agosti nikapanda bisi kutoka Katuba. Papa akachapa kurasa zote, falanga 200 kwa ukurasa, akazipanga, akavaa miwani. Nilianza kumsimulia habari ya vijana na miguu michanga. Akanyoosha mkono kunikatiza.

"Balimwambia siku gani?"

Nikasema kazi iliisha tarehe 30 ya mwezi wa ine.

"Sikuuliza kazi iliisha siku gani. Niliuliza balimwambia siku gani."

Yaya hakuweza kupigiwa simu, kwetu ilikuwa saa ine asubuhi, kwake saa kumi ya usiku. Papa hakuendelea. Alinipa kiti, akahudumia wanafunzi wawili na mama mmoja aliyetaka barua ya kudai kodi ya nyumba, na kila nilipojaribu kusema neno anasema, "Tungoje." Saa saba mchana yaya akaamka na kujibu: barua alipewa mkononi tarehe 12 Machi, akatia sahihi siku ile ile. Hapo ndipo Papa alipotungua kalenda ya parokia ukutani, akachukua kalamu ya risasi na kuanza kutia nukta, kila siku kumi nukta moja.

Sheria yenyewe, ile inayokataza ubaguzi wa umri kazini, ni ya Marekani, ya mwaka 1967. Inamlinda mfanyakazi kuanzia miaka 40, na inamshika mwajiri mwenye watu 20 na zaidi. Lakini huwezi kwenda moja kwa moja kwa jaji. Kwanza unapeleka mashtaka kwenye tume ya serikali yao ya usawa kazini, ile inayoitwa EEOC, na tume ina mlango unaofungwa: siku 180. Zinahesabiwa tangu siku ulipoambiwa uamuzi. Siku ya mwisho uliyosimama kwenye mashine haihusiki. Jumamosi imo, Jumapili imo, Krismasi imo.

Yaya alikuwa anahesabu kwa njia yake. Aprili 30, ongeza miezi sita, basi mwisho wa Oktoba, bado mapema. Nikamwambia Papa hivyo.

"Hapana miezi, baba. Masiku."

Akanionyesha. Kutoka 12 Machi hadi siku ile tulipokaa zilikuwa zimekwisha siku 161. Zilibaki 19. Kati ya siku ya barua na siku yaya aliyoanzia kuhesabu kulikuwa na siku 49, wiki saba kamili. Ningefika pale katikati ya Septemba, na moyo mweupe kabisa, tungekuwa tunazungumza habari ya maiti.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mimi peke yangu nisingeliona. Mwezi wa tano yaya aliandika malalamiko kwa biro ya wafanyakazi ya kiwanda kile kile, na mama mmoja wa pale akamwambia kwa upole asubiri, wanalishughulikia. Basi akasubiri. Juni, Julai, Agosti. Papa alilisoma hilo mara mbili, akauliza, "Na hii saa wanadhani imesimama?" Haisimami. Ukiwa unalalamika ndani ya kampuni, siku za nje zinaendelea kutembea, na yule wa ndani hana haraka, kwa nini awe nayo?

Sasa kasoro, maana hii ni tathmini, hatupo kwenye mahubiri ya mazishi. Siku ile ile ya Jumanne, kabla sijatoka, Papa alijipiga paji la uso akasema, ngoja, kuna mahali nimesoma kwamba ni siku 300, basi yaya yako ana nafasi mpaka mwaka mpya. Nilitoka pale nikiimba. Nikamwambia yaya alale. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi simu inalia, Papa: "Ile 300 si yenu." Usiku alikuwa amesoma tena. Siku zinafika 300 pale ambapo jimbo lenyewe lina sheria yake dhidi ya ubaguzi wa umri kazini na lina ofisi yake ya kuitekeleza. Georgia haina ofisi ya namna hiyo kwa wafanyakazi wa kampuni za watu binafsi. Ungekuwa Texas, ungeweza kuzipata. Georgia, 180. Nyota ya tano nimeikata hapo. Alijisahihisha mwenyewe, ni kweli, na hakungoja mimi nirudi. Lakini tulikuwa na siku 18, na mtu mwenye siku 18 hupaswi kumpa usiku mmoja wa uongo.

Nilirudi siku hiyo hiyo. Tukaingia kwenye karatasi ya saba, ile ambayo yaya alikuwa anaitaka sana kwa sababu ilikuwa na pesa: mshahara wa wiki tatu, kwa sharti atie sahihi kwamba hatadai kitu. Watu wa Lubumbashi karatasi ya aina hii tunaijua kwa harufu. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, wengi wenye miaka 25 ya kazi na zaidi, waliondoka kwa jina la "kuondoka kwa hiari", na mpaka leo ukikaa kwenye kilio chochote Katuba utamkuta mzee anayeanza hadithi yake na "mwaka ule wa hiari". Papa alitafuta sehemu moja tu, akaipata chini kabisa. Kule, mtu wa miaka 40 na zaidi akiombwa kuachilia haki yake ya umri, karatasi lazima iitaje sheria ile kwa jina, imshauri kwa maandishi amuone avoka, yaani mwanasheria, na impe siku 21 za kufikiri. Wakiachishwa kwa kundi, kama hawa watatu, ni siku 45. Na akishatia sahihi ana siku 7 za kubadili mawazo. Karatasi ya yaya ilisema siku 10 na haikuitaja sheria yoyote. Yaya hakuwa ametia sahihi, bahati ya mtu anayeogopa Kiingereza.

"Asiguse," Papa akasema. "Aiweke kama ushahidi."

Kazi ya kupeleka mashtaka ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, na hapa ndipo Papa alipostahili kila falanga. Tume ina mahali pake kwenye intaneti pa kufungulia jambo. Yaya alijaza kwenye simu yake jikoni kwake Georgia, sisi tukiwa Kamalondo tunamsomea kila swali kwa Kiswahili, yeye anajibu, Papa anamwambia aandike nini kwa Kiingereza. Mara tatu yaya alitaka kutia chumvi. Alitaka kuandika kwamba yule mkubwa wa zamu alimwita mchawi. Papa akauliza, "Alikuita?" Kimya. "Aliniangalia hivyo." Papa: "Hapana andika macho ya mtu. Andika maneno yake, na siku, na nani alisikia." Wakabaki na miguu michanga, mara mbili, na majina ya wanawake wanne waliokuwepo.

Alipomaliza yaya akashangilia, akatuma picha ya mikono juu. Papa akatikisa kichwa. Alichokuwa amepeleka kilikuwa ni kuuliza tu. Kuuliza si kushtaki. Baada ya kuuliza unapangiwa mahojiano na mtu wa tume, yeye anaandika mashtaka, na saa haikwami mpaka mashtaka yenyewe yawe yametiwa sahihi. Ni watu wangapi wanaolala hapo katikati wakijua wamefika? Lakini kwa kuwa siku zilizobaki zilikuwa chini ya 60, mtambo wenyewe ulitoa maelekezo ya mtu wa haraka. Mahojiano yalifanyika kwa simu Alhamisi 29 Agosti, wakamwekea mkalimani. Mashtaka yakaandikwa yakawa tayari kwa sahihi. Ijumaa yaya alikuwa na mtoto hospitali. Jumatatu tarehe 2 Septemba akataka kumpigia yule mtu wa tume aulize neno moja lililokosewa, hakuna anayepokea.

Siku ya wafanyakazi. Kwao haiko Mei Mosi, iko Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Nilicheka peke yangu kwenye bisi: mwanamke anashtaki kwa sababu amenyimwa kazi, anakuta mlango umefungwa kwa heshima ya wafanyakazi.

Jumanne tarehe 3 akatia sahihi. Siku ya 180 iliangukia Jumapili tarehe 8, na kwa kawaida yao siku ya mwisho ikiwa Jumapili inasogea mpaka siku ya kazi inayofuata, kwa hiyo mlango ungefungwa Jumatatu tarehe 9. Aliingia zikiwa zimebaki siku sita. Papa akafuta zile nukta kwenye kalenda ya parokia kwa kifutio, polepole, kama mtu anayefuta deni.

Alinichaji falanga 25,000 kwa kazi yote, mbali na kuchapa. Bei hajaiandika popote, na hilo nalo si zuri, maana kijana aliyekuja baada yangu na mkataba wa kurasa mbili nilisikia anaambiwa 15,000. Ukifika, uliza bei kabla hajavaa miwani. Na ujue kwamba yeye si avoka, atakuambia mwenyewe kabla hujauliza. Alimwambia yaya: mimi nimekufikisha mlangoni, siku 60 zikipita tangu mashtaka unaweza kwenda mahakamani hata kama tume haijamaliza, na siku watakapokuandikia kwamba wamemaliza utakuwa na siku 90 za kufungua kesi, hapo tafuta avoka wa kwenu. Haikufika huko. Tume iliwapatia mpatanishi, kampuni ikakubali kukaa, na mwanzoni mwa 2025 wakamalizana. Kiasi hakisemwi, ndivyo walivyopatana, lakini yaya ametengeneza meno.

Sasa habari ya kuwa na nafasi.

Siku ile ya Jumatano, yaya alipokuwa amekata simu, Papa alikuwa anafunga kalamu zake na mpira. Bila kuniangalia akauliza, "Na weye? Saa ine ya asubuhi siku ya kazi, fundi mzima anakaa huku. Balikufukuza lini?"

Nilikuwa fundi wa mashine nzito kwa kampuni ndogo inayofanya kazi chini ya kampuni kubwa ya mgodi. Siitaji. Januari 31, 2023, mtu wa patroni, yaani wa mwajiri wangu, aliniambia mbele ya geti, "Mzee, pumzika sasa, umekaribia pansioni." Nilikuwa na miaka 55. Pansioni kwa sheria yetu ya 2016 ni miaka 60. Walinibakia na mishahara miwili, ya Desemba na ya Januari. Nilipiga simu. Nilikwenda mara nne. Mara ya tano mlinzi alikuwa mpya, hakunijua.

"Uliandika?"

"Nilisema nao."

"Niliuliza uliandika."

Sikuandika. Kodi yetu ya kazi, yaani kitabu cha sheria za kazi, ni ya mwaka 2002, na Papa anayo, kitabu kilichofungwa kwa gundi ya matairi. Akafungua kifungu cha 317. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka mitatu. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipotakiwa kulipwa. Barua moja tu, iliyopelekwa kwa mkono na kopi yako kupigwa muhuri wa kupokelewa, ingetosha kuivunja hesabu na kuianzisha upya. Au malalamiko kwa inspekteri wa kazi. Safari zangu na simu zangu zote, mbele ya sheria, ni upepo. Miezi miwili ya mshahara nilikuwa nimeizika mwenyewe tangu Januari 2024 bila kujua kwamba kuna mazishi.

Kufukuzwa kwenyewe kulikuwa hai, mpaka mwisho wa Januari 2026. Nikauliza kama ninaweza kusema walinifukuza kwa sababu ya umri, kama yaya. Papa akafungua kifungu cha 62, akanipa nisome mwenyewe. Kina orodha ya sababu ambazo patroni haruhusiwi kuzitumia: rangi, jinsia, ndoa, mimba, dini, siasa, kabila, na nyingine. Umri haumo. Nilisoma orodha ile mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Halafu akageuza ukurasa, kifungu cha 63, na umri huo hapo: jaji akipanga fidia ya aliyefukuzwa bila sababu halali, anaangalia aina ya kazi, miaka uliyotumika, na umri wako, na fidia haizidi mishahara ya miezi 36. Yaani kwetu uzee hautajwi wanapokufukuza, unatajwa wanapokulipa. Kwa hiyo barua yangu haikusema "ubaguzi". Ilisema nimefukuzwa bila sababu inayohusu uwezo wangu, mwenendo wangu au mahitaji ya kazi, kwa sababu hizo tatu ndizo sheria inazozikubali, na mtu wa geti hakutaja hata moja.

Nilipeleka mwenyewe, Papa akanikataza kutuma mtoto. Kopi yangu ina muhuri na tarehe 26 Agosti 2024. Kisha nikaenda kwa inspekteri wa kazi, maana bila kupita kwake tribunali ya kazi, mahakama ya mambo haya, haikupokei. Mara ya kwanza patroni hakuja, mara ya pili alikuja na avoka, hatukuelewana, nikapewa PV, karatasi rasmi ya kutopatana, na shauri sasa liko tribunali. Papa hakunichaji barua ile. Alisema amenilipisha ya yaya vya kutosha.

Anafungua saa mbili, Jumamosi mpaka saa sita. Siku Mazembe wanacheza nyumbani usiende kabisa, huwezi kusikia mtu anakuuliza tarehe, na mtaa mzima unafungwa kwa magari. Beba falanga ndogondogo, chenji hana. Flash yako usiichomeke kwenye kompyuta yake, ya kwangu ilirudi na virusi na picha za harusi ya mpwa wangu zimekuwa alama za maswali. Tuma kwa WhatsApp achape kutoka huko. Na barua yoyote uliyopewa kazini, hata ile iliyokunjwa mfukoni mwa koti la mvua, nenda nayo hivyo hivyo, usiipige pasi kwanza kama nilivyofanya mimi. Muhuri wa tarehe uliyeyuka nusu, na Papa alinitazama kama nimepika pasipoti.